Ugumu si Uimara: Istilahi za Metali Sugu kwa Joto Zinazoundwa kwa Tabaka

Makala hii inafafanua istilahi nne za sifa za kimakanika ambazo, katika maandishi mengi ya Kiswahili, hufunikwa na neno moja: "ugumu". Mfano wake unatoka karibu. Gatumba, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira, Kiswahili ni lugha ya biashara ya kila siku. Ng'ambo ya mpaka, mikoa ya Kivu huchimba koltani. Kaskazini mwa Burundi, Kabarore nako huchimbwa. Jina la jiwe hilo linajulikana na bei yake pia. Tabia za tantali iliyomo ndani yake ndizo zisizo na msamiati thabiti.

Tantali huyeyuka kwenye nyuzi 3,017 za Selsiasi, wolframi kwenye 3,422. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Kwa hiyo, kuzimimina metali hizo mbili kwenye kalibu ni kazi nzito. Njia mojawapo mbadala ni uundaji kwa tabaka: poda hutandazwa ndani ya gesi ya agoni, leza huiyeyusha panapohitajika, kisha tabaka jingine hufuata.

Hapo ndipo "ugumu" unapopotosha. Wolframi ni ngumu kuliko tantali, lakini katika joto la kawaida ni tete. Tabaka likipoa ghafla, nyufa ndogo hutambaa kwenye mipaka ya chembe zake, na kipande huweza kupasuka mithili ya chungu kilichoepuliwa tanurini kabla ya wakati. Tantali hunyumbuka kabla ya kukatika. Hata hivyo, ikifyonza oksijeni, ugumu wake huongezeka na unyumbukaji hupungua. Mshauri wa sera akisoma kwamba "ugumu umeongezeka" atadhani ni sifa, kumbe ni onyo.

Inapendekezwa "ugumu" ubaki kwa ukinzani wa kubonyezwa tu. "Himili ya mvuto" itaje nguvu ya kuvutwa. "Unyumbukaji", kurefuka bila kukatika. Na "ukinzani wa nyufa", uwezo wa kuzuia ufa usienee. Himili ya mvuto itajwe pamoja na mwelekeo, kwani chembe aghalabu hukua kufuata wima wa tabaka, na kipimo cha wima hutofautiana na cha mlalo.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo tangu 2022. Mkataba wa usafishaji wa tantali ukiandikwa kwa Kiswahili cha Jumuiya, utahitaji kutaja kiwango cha oksijeni katika poda, jambo ambalo mzani wa mpakani haulipimi.