Mama Mkubwa na nyumba ya makopo ya Houston

Na Mwandishi Wetu, Houston, Texas

MGENI wetu kutoka Tanga alipoingia kwetu Dallas, alizungusha macho sebuleni, akayaona masanduku mawili nyuma ya mlango na kuta nyeupe zisizo na hata kalenda. Akauliza: “Wanangu, mnahama lini?”

Hatukuwa na jibu. Tuliondoka nyumbani kwa sababu ya kalamu, tukajiambia ni miezi michache tu. Imekuwa miaka 14, na hatujapigilia msumari hata mmoja, maana anayerudi kesho hapambi nyumba ya watu.

Tukaona bora tumtembeze. Fort Worth tulimwonyesha ng'ombe wa pembe ndefu wanaopitishwa mtaa wa Exchange mara mbili kwa siku. Mama Mkubwa akataka kujua kama wanakamuliwa. Katikati ya Dallas tulimwonyesha jicho kubwa la buluu lenye kimo cha mita tisa, kazi ya msanii Tony Tasset. Hakutaka kupigwa nalo picha. “Jicho hili si zuri, tuondokeni,” alisema.

Ndipo tukashika barabara kuu ya 45, kilomita zipatazo 385 kwenda Houston, kutazama nyumba iliyovishwa makopo ya bia.

“Mmenitoa Tanga kuja kuona takataka za walevi?” alilalamika njia nzima.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Malone. Mwenyewe alikuwa John Milkovisch, fundi wa makochi aliyefanya kazi katika shirika la reli. Mwaka 1968 alianza kupachika gololi, mawe na vipande vya chuma kwenye saruji uani kwake, kwa kuwa alichoka kukata nyasi. Ua ulipojaa akageukia kuta. Aliyakata makopo, akayanyoosha na kuyapigilia kama mabati. Vifuniko aliviunga minyororo, akavitundika kwenye ukingo wa paa.

Inakadiriwa yalitumika makopo 50,000, kazi ya miaka ipatayo 18. Pazia hilo la bati huzuia jua, na inasemekana lilipunguza gharama za umeme. Mzee alifariki dunia mwaka 1988.

Upepo ulipovuma, minyororo ililia kama njuga. Mama Mkubwa alinyamaza kwa muda. Kisha akasogea uani, akagusa gololi kwenye saruji.

“Hii ni Tongoni,” alisema.

Kwa wasiopajua, Tongoni ni kijiji kusini ya Tanga chenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili. Mafundi wa zamani walipachika kwenye baadhi ya makaburi hayo vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi kutoka China. Vingi vimekwisha kubanduliwa, yamebaki mashimo. Kunduchi nako, Dar es Salaam, ufundi ni huo huo.

Toka hapo tukapita mtaa wa Munger kuona Orange Show, jengo lenye bendera, magurudumu na vigae vya kila rangi. Jeff McKissack, mfanyakazi wa posta, alilijenga peke yake kuanzia mwaka 1956 kwa ajili ya kulisifu chungwa, tunda aliloamini ni chakula kisicho na mfano. Alilifungua mwaka 1979 akitegemea umati, lakini waliofika walikuwa wachache. Januari 1980 akafariki. Baadaye wakazi wa Houston walichanga fedha kulinunua, na taasisi waliyoianzisha ndiyo iliyokuja kuiokoa pia nyumba ya makopo.

Tulipomsimulia hayo, Mama Mkubwa alitikisa kichwa. “Huyu alijenga hakujua nani atakuja. Nyinyi mnajua mnaishi pale, na hamjaweka kitu.”

Safari ya kurudi Dallas ilikuwa ya kimya. Asubuhi yake alifungua begi, akatoa kawa la ukindu la rangi nyekundu na kijani alilotuletea zawadi, tulilokwisha kuliambia litakaa sandukuni. Akatutuma kwa jirani kuazima nyundo.

Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukaingia. Masanduku bado yako nyuma ya mlango, na siku tukirudi nyumbani kawa tutalibeba. Kwa sasa liko ukutani.