Unga wa ‘bakteria wazuri’: Uliza haya kabla ya kununua

Mama mmoja wa Ifakara ameniuliza kama anunue unga wa “bakteria wazuri” aliouona duka la dawa. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu huharisha kila masika yanapoingia.

Ni kweli utumbo una bakteria wengi wanaotusaidia na kuwabana wale wa maradhi. Lakini bakteria kuishi tumboni mwa mtu mwenye afya si ushahidi kwamba ni dawa.

Wataalamu huanzia maabara. Je, anahimili asidi ya tumbo na nyongo? Je, hana usugu wa dawa anaoweza kuwapa bakteria wengine? Kisha hujaribiwa kwa watu: kundi moja linapewa bakteria, jingine linapewa kitu kinachofanana nacho tu.

Hatua hiyo ndiyo huamua. Bonde la Kilombero linalijua hilo. Chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa Idete, na mwaka 1994 ikaripotiwa kupunguza malaria kwa asilimia 31 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Ilipojaribiwa baadaye kwa watoto wachanga wa bonde hilohilo, haikuwakinga.

Bakteria nao ni vivyo hivyo. Mwaka 2017, utafiti wa India kwa watoto wachanga zaidi ya 4,500 ulionyesha Lactobacillus plantarum, akichanganywa na sukari maalumu, alipunguza maambukizi makali na vifo kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Mwaka uliofuata, huko Marekani, Lactobacillus rhamnosus GG, aliye maarufu madukani, hakuwasaidia watoto waliokuwa wakiharisha.

Kwa hiyo uliza: Jina kamili la bakteria ni lipi? Amejaribiwa kwa tatizo la mwanangu? Unga ulihifadhiwaje? Joto huua bakteria. Mtoto njiti au mwenye kinga dhaifu asipewe bila ushauri wa daktari.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, na endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akitoa damu, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Mama, fedha ya unga huo nunulia sabuni na dawa ya kutibu maji. Masika yajayo, hivyo ndivyo vitakavyomkinga mwanao.