IoT Ruiru na Thika: Doo Haiko kwa Kifaa, Iko kwa SMS ya Saa Nane Usiku

Ukisikia "Intaneti ya Vitu" labda akili inakimbia kwa friji ya wadosi inayojiagizia maziwa. Irudishe mtaani. Hii maneno inahusu tangi la maji juu ya flati Kihunguro, pampu ya kisima Juja, na vifaranga wa mtu kule Ngoingwa. Kuna msee wa rika lako atalipwa kila mwezi kuviangalia. Mbona asiwe wewe?

Kwanza, ni nini?

Ni kitu cha kawaida kilichopewa uwezo wa kutuma habari yake bila mtu kwenda kukiangalia. Wazo ni la kitambo. Mwaka wa 1982, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichoka kutembea hadi mashine ya Coca-Cola na kupata iko tupu ama soda bado ni moto. Wakaiunganisha na kompyuta, wakawa wanaicheki wakiwa wamekaa. Jina lenyewe, IoT, lilikuja 1999 kutoka kwa Mwingereza Kevin Ashton.

Lakini usichanganye mambo. Mita ya kawaida ya tokeni kwa keja yako si IoT. Haiongei na Kenya Power. Wewe ndio waya, unabeba namba 20 kutoka kwa simu hadi ukutani. Ndio maana kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 wateja walilazimika kubonyeza wenyewe tokeni za kusasisha mita. M-KOPA nayo ni IoT: mtambo wao wa sola, uliokuwa sokoni tangu 2012, una laini ya simu ndani. Ukilipa kwa M-Pesa, taa zinafunguka. Usipolipa, zinafungwa, na hakuna mtu amegonga mlango wako.

Mtambo una sehemu nne

Sensa (si ile ya kuhesabu watu) inapima. Ubongo mdogo, kwa mfano ubao wa ESP32 wenye Wi-Fi na Bluetooth ndani, unasoma kipimo. Njia inakibeba: Wi-Fi, laini ya simu, ama redio ya LoRa inayofika kilomita kadhaa bila bando. Mwisho ni seva, inayoamua kama kuna haja ya kukuamsha.

Kazi ya kwanza: maji

Ruiru ni mji wa ploti na flati, na maji ya mgao tunayajua. Sensa ya tangi inakaa juu, inatuma sauti usiyoisikia, inangoja mwangwi urudi. Mwangwi ukichukua milisekunde 6, maji yako karibu mita moja chini ya sensa. Hesabu ni hiyo tu.

Sasa sikia. Kama mwenye ploti anataka tu tangi lisifurike, mwambie anunue floti ya kawaida. Ni bei rahisi na haihitaji intaneti. Ukimuuzia IoT hapo unamkula, na atakujua. Floti inashindwa na swali lingine: saa nane usiku wapangaji wote wamelala, mbona maji yanashuka? Hapo kuna choo kinavuja ama bomba limepasuka. Hiyo ndio habari mtu analipia, kwa sababu bili ya maji hailali.

Kazi ya pili: vifaranga

Kiambu imejaa wafugaji wa kuku. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi. Stima ikipotea usiku na mwenyewe amelala, asubuhi anaokota hasara.

Hapa ndipo mafundi wengi huchoma picha. Wanaweka sensa inayotumia stima ya nyumba na Wi-Fi ya nyumba. Stima ikienda, ruta inaenda, sensa inaenda. Mtambo unakufa dakika ile ile ulitakiwa kupiga nduru!

Dawa ni mbili. Weka betri na laini ya simu. Halafu ipange seva ikikosa kusikia mtambo kwa dakika 10, yenyewe itume SMS kwa mfugaji kupitia huduma kama ya Africa's Talking. Kimya nacho ni habari.

Ganji inaingia wapi?

Vifaa kila mtu anaweza kuagiza. Ukiuza kifaa, unalipwa mara moja na jirani anashusha bei. Lakini nani atapanda juu ya tangi sensa ikishika kutu? Nani ataweka bando? Tuseme unawatoza wenye ploti 1,500 kwa mwezi. Ploti 20 ni 30,000, kabla ya kutoa SMS, fare na sensa zilizokufa. Si utajiri, lakini inajirudia kila mwezi. Na zikiwa zote kati ya Toll na Makongeni, unazifikia kwa mat moja ya Thika Road.

Usiingie kichwa kichwa

Kifaa cha redio lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Waya za pampu mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA. Stima haina beste.

Halafu kuna hili. Ukiweka mita kwa kila nyumba, matumizi ya maji yanaonyesha nani yuko ndani na nani amesafiri. Hiyo ni siri ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu. Na ukiweka vali ya kufungwa kwa simu, umempa mwenye ploti swichi ya maji ya mama mwenye mtoto mchanga. Uliza mapema, na iandikwe: nani anaruhusiwa kuifunga, kwa sababu gani, na mpangaji anaambiwa lini? Wewe pia ni mpangaji mahali.

Anza na tangi moja la mtu unayemjua. Liangalie miezi mitatu, mvua na jua, uone kinachoharibika. Ukishajua hicho, ndio unaweza kutaja bei yako bila kubahatisha.