Rutshuru: Majani ya Rwindi, picha za kiangazi na za mvua

Katika tambarare ya Rwindi, kusini mwa Ziwa Edouard, jimbo la Kivu Kaskazini, ukitazama picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja mwezi wa saba na nyingine mwezi wa kumi na moja, utasema ni nchi mbili. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi huficha milima ya Mitumba. Majani yamekauka, na palipoungua ni peusi. Mvua ikirudi hewa hutakata, na swala hujaa kwenye majani mapya. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, hapo ndipo picha hutoka vizuri kabisa.

Lakini picha za miaka mingi zinaonyesha jambo zito kuliko misimu. Viboko wa mbuga ya Virunga, waliozidi 20.000 katika miaka ya 1970, waliuawa kwa wingi, hasa wakati wa vita. Tembo nao walipungua. Vichaka vikafunika majani. Mwaka 2020, tembo wapatao 580 walivuka kutoka Uganda na kuanza kuvunja vichaka hivyo. Kujua kama majani yanarudi kweli kunahitaji picha za palepale, kila msimu, na usalama wa Rutshuru bado hauruhusu.