Ebola ya Casablanca na korona ya Anfield

Tarehe 19 Novemba 2014 Uganda ilifungwa 2-0 na Guinea, na safari yake ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika ikaishia hapo. Guinea ndiyo iliyokuwa mwenyeji, lakini mechi haikuchezwa Conakry. Kwa sababu ya Ebola, Guinea ilikuwa ikicheza mechi zake za nyumbani Casablanca, nchini Morocco.

Hapo ndipo penye kichekesho. Siku nane kabla, Morocco hiyo hiyo ilikuwa imenyang'anywa na CAF uenyeji wa fainali za 2015 kwa sababu iliomba ziahirishwe, ikiogopa Ebola. Yaani Guinea waitafute tiketi Casablanca, wakiipata wasije! Morocco ilisema hofu yake ni mashabiki watakaomiminika. Mwezi Desemba ikapokea Kombe la Dunia la Klabu kama kawaida.

Kwa mtazamo wetu CAF ilikuwa sahihi kukataa. Ebola haisambai hewani kama mafua. Hupita kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mtu ambaye tayari anaumwa au amefariki. Mgonjwa wa aina hiyo yuko kitandani, hayuko jukwaani anapuliza vuvuzela. Guinea ya Ikweta ikaubeba mzigo kwa taarifa ya miezi miwili tu, Guinea wakafika robo fainali, Ivory Coast wakatwaa kombe kwa kuitoa Ghana kwa penalti 9-8, na Ebola haikuzuka.

Sasa tulinganishe na Uingereza. Tarehe 11 Machi 2020, siku ile ile Shirika la Afya Duniani lilipotangaza korona kuwa janga la dunia, uwanja wa Anfield ulijaza watu zaidi ya 50,000 kuangalia Liverpool na Atletico Madrid. Wapatao 3,000 walitoka Hispania, ambako serikali ilikwisha kuamuru mechi za ligi zichezwe bila watazamaji. Shabiki aliyefungiwa geti kwao Madrid alipanda ndege akaja kuimba Liverpool kwa dakika 120. Na korona, tofauti na Ebola, hupita kwa pumzi, tena mtu huambukiza wenzake kabla hajajijua kuwa anaumwa.

Sisi tunaoishi huku Ulaya tunajiuliza: wageni wale 3,000 wangekuwa wametoka Guinea, geti lingefunguliwa?

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilikuwa na tahadhari zaidi. Iliahirishwa kwa mwaka mmoja, na ilipofika Julai 2021 viwanja vya jiji hilo havikuwa na watazamaji. Hata hivyo mwezi Juni mtu mmoja katika msafara wa Uganda alikutwa na virusi uwanja wa ndege wa Narita. Wenzake wakaruhusiwa kuendelea na safari hadi Izumisano, na huko akapatikana wa pili. Michezo ikiendelea, maambukizi mapya Tokyo yalipita 5,000 kwa siku moja. Sehemu kubwa ilitoka kwa wakazi wenyewe, si kwa wanamichezo, lakini vitanda vya hospitali vilikuwa ni vile vile.

Wajapani wengi walitaka michezo ile isifanyike. Gazeti la Asahi, ambalo lilikuwa miongoni mwa wadhamini, liliandika Mei 2021 kwamba ifutwe. Lakini kwa mujibu wa mkataba, haki ya kuifuta ilikuwa ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yenye makao yake Lausanne, Uswisi. Jiji la Tokyo halikuwa nayo.