Akizinduka, Umeshapata Mwingine?

Mwambie mtu mzima mwenye kazi yake kwamba jana usiku ulikesha ukiangalia katuni, uone atakavyokutazama. Mwezi huu naomba mniruhusu jamani, maana hii si ya watoto hata kidogo, na wakilala ndipo muiwashe.

Inaitwa Kimi ga Nozomu Eien, na kwenye DVD za Kiingereza iliuzwa kwa jina la Rumbling Hearts. Ni anime, yaani katuni ya Kijapani, yenye sehemu 14 tu. Ilirushwa Japani kuanzia Oktoba 2003 hadi Januari 2004. Humo hamna majoka wala watu wanaopaa. Yupo kijana mmoja, wapo wasichana wawili walio mashosti, na lipo swali ambalo ningependa kusikia wewe na mwenzio mngelijibu vipi. Mpenzi wako kapata ajali, hajitambui. Mwaka unapita, wa pili, wa tatu. Umelia mpaka machozi yamekauka, mwisho umeanza maisha na mtu mwingine. Siku moja simu inaita: amezinduka! Na kwa akili yake yeye, mlionana jana.

Kijana ni Takayuki. Akiwa bado sekondari anapendwa na Haruka, binti mwenye haya anayependa vitabu vya picha vya watoto. Anayewakutanisha ni Mitsuki, shosti wa Haruka, muogeleaji hodari na mcheshi. Kumbe Mitsuki naye moyoni anaumia, ila kanyamaza. Siku ya siku Haruka anamsubiri mpenzi wake karibu na kituo cha treni. Takayuki anachelewa kwa sababu njiani kakutana na Mitsuki, ni siku yake ya kuzaliwa, anamng'ang'ania amnunulie pete. Anapofika kituoni polisi wameshazingira eneo.

Hayo yote yanaisha ndani ya sehemu mbili za kwanza, na hapo ndipo ninapowavulia kofia watengenezaji. Wamekupa muda wa kumpenda Haruka, halafu wanaruka miaka mitatu na kukuonyesha Takayuki akiwa na nani? Mitsuki! Nywele zake ndefu kazikata, kuogelea kaacha, anafanya kazi ofisini. Mara ya kwanza utamchukia, utamwita mwizi wa wanaume. Halafu taratibu unaambiwa yaliyotokea katikati. Takayuki alikuwa haachi kwenda hospitali, hali, hasomi, mpaka baba yake Haruka mwenyewe akamwomba asije tena, aendelee na maisha yake. (Mzee yule nampa heshima zote, sijui ni wazazi wangapi wangeweza.) Aliyemwokota kijana akiwa kama gofu ni Mitsuki, na alilipa kwa ndoto yake ya kuogelea. Sasa hapo mwizi ni nani?

Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya tamthilia hii. Tumezoea filamu ambazo lazima awepo mwanamke mbaya, anayejulikana kwa wanja na kucheka kwa dharau. Humu hayupo. Hata Akane, mdogo wake Haruka, anayemrushia Mitsuki maneno makali kila wakikutana, ana hasira yenye haki: alikuwa akimwona Mitsuki kama dada.

Haya, tuje kwenye kasoro, maana zipo, tena si ndogo. Daktari anashauri Haruka asiambiwe kwamba miaka mitatu imepita, asije akapata mshtuko. Kwa hiyo Takayuki anatakiwa kuigiza kuwa bado ni mpenzi wake. Mchana yuko hospitali, usiku yuko na Mitsuki. Mitsuki anageuka nyumba ndogo bila kuhama nyumba! Kwa siku chache ningeelewa, lakini mambo yanavutwa, na sehemu za katikati zinakuwa zilezile: Takayuki anaomba radhi, anainamisha kichwa, haamui. Mume wangu, aliyeanza kwa kunicheka, alifika mahali akaifokea televisheni: “Sema moja bwana, watoto wa watu wanateseka!”

Nadhani chanzo cha udhaifu huo ni mahali hadithi ilipotoka. Mwanzo ilikuwa mchezo wa kompyuta uliotoka 2001, ambamo mchezaji ndiye anayemchagulia Takayuki njia. Ukiwa mchezaji, kusitasita kule ni kwako, unakuuma. Ukiwa mtazamaji unabaki na mwanaume aliyekaa kama kiti kitupu. Vichekesho vya wahudumu wa mgahawa anakofanya kazi navyo vinakera. Umetoka kulia, mara watu wanatupiana maneno ya kitoto huku wakipiga kelele.

Kingine, nilitamani Mitsuki apewe mtu wa kuongea naye. Anazama peke yake mpaka anaishia mikononi mwa Shinji, rafiki yao tangu shule, na tukio hilo linapita haraka kuliko lilivyostahili. Kwangu lilikuwa na uzito wa sehemu nzima, kwa sababu linaonyesha upweke unavyoweza kumfanya mtu mwaminifu afanye kitu asichokitaka.

Sehemu mbili za mwisho zinalipa deni. Haruka, ambaye muda wote alitendewa kama yai, ndiye anayeonekana kuwa mtu mzima kuliko wote, na mazungumzo yake na Takayuki hayana kelele wala muziki wa kukulazimisha ulie. Takayuki anamchagua nani, sitasema. Ila kama uamuzi wake utakuudhi, jua kwamba hukuwa peke yako. Kati ya 2007 na 2008 ilitoka nyingine fupi ya sehemu nne, na humo anabaki na yule mwingine.