Boston Wanamzomea Aliyewapa Vikombe Vinne

Januari 2023, katika ukumbi wa MassMutual Center mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, klabu ya besiboli ya Boston Red Sox iliwaita mashabiki wake waje kuonana na wachezaji na viongozi. Ni hafla ya katikati ya baridi, isiyo na mechi wala matokeo. Watoto hupata saini, wazazi hupiga picha, viongozi hujibu maswali mepesi, kisha kila mtu hurudi kwake akihesabu siku za kuanza msimu. Mwaka huo haikwenda hivyo. Ilipofika zamu ya mmiliki, John Henry, ukumbi ulimzomea. Waliokaa naye jukwaani nao hawakusalimika.

Mwezi huo huo wino wa mkataba wa mchezaji wao Rafael Devers ulikuwa bado haujakauka: miaka 10, dola milioni 313.5, mkataba mkubwa kuliko wowote ambao klabu hiyo imewahi kutoa. Mtu asiyefuatilia mchezo huu angeshangaa. Mwenye mali katoa fedha yote hiyo, na bado anazomewa?

Msomaji wa huku kwetu anamjua Henry, hata kama hajawahi kuona gongo la besiboli. Kampuni yake, Fenway Sports Group, ndiyo iliyoinunua Liverpool mwaka 2010. Yule shabiki wa Liverpool wa Kariakoo au Kongowea anayelalamika kila dirisha la usajili kwamba wamiliki ni wabahili ana ndugu zake Boston, na hao wamelalamika kwa muda mrefu zaidi yake.

Ili kuelewa hasira yao, kwanza ieleweke kwamba besiboli ya Marekani haina ada za uhamisho kama za soka. Kijana akishasajiliwa hubaki mikononi mwa klabu mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu. Katika miaka hiyo hulipwa pungufu ya anachostahili, na klabu ikitaka humbadilisha na wachezaji wa klabu nyingine bila kumuuliza. Miaka 6 ikitimia anakuwa mchezaji huru. Anakwenda anakotaka, na waliomlea huambulia karibu na bure. Hakuna ukomo wa mishahara, ila ipo kodi ya anasa kwa klabu inayovuka kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo kila nyota aliyekuzwa nyumbani huja na saa inayohesabu, na saa hiyo hugonga wakati wa baridi, baada ya fainali ya World Series na kabla ya mazoezi ya Februari.

Halafu kuna suala la ratiba. Msimu una mechi 162, timu inacheza karibu kila siku. Ukifungwa Jumanne, Jumatano unacheza tena, na hasira inapata pa kutokea. Baridi haina Jumatano. Neno alilolisema kiongozi Novemba linabaki linaning'inia mpaka Machi, shabiki akiligeuza huku na huku.

Boston wanajua baridi inavyoweza kufanya. Siku moja baada ya Krismasi ya 1919, mmiliki wa wakati huo, Harry Frazee, mfanyabiashara wa maigizo ya jukwaani, alikubali kumuuza nyota wake Babe Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Red Sox walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 1918. Hawakuupata tena mpaka 2004. Miaka 86! Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa katikati ya vikombe hivyo viwili.

Na aliyeikata kiu hiyo ni Henry huyu huyu. Alitajirika kwa kubashiri bei za mazao na bidhaa sokoni, akainunua Red Sox mwaka 2002, akaleta vijana wa takwimu. Baridi zake za mwanzo zilikuwa tamu. Januari 2003 klabu ilimchukua kwa dola milioni 1.25 mpigaji aliyetemwa na Minnesota, jina lake David Ortiz. Novemba mwaka huo meneja mkuu kijana, Theo Epstein, alikwenda Arizona kukaa nyumbani kwa mrushaji Curt Schilling siku ya sikukuu ya Shukrani, na hakuondoka mpaka mambo yalipoelekea kukubalika. Mwaka uliofuata ubingwa ukaja. Ukaja tena 2007, 2013 na 2018. Katika besiboli ya karne hii hakuna mmiliki aliyewapa mashabiki wake zaidi ya hapo, na shabiki mkweli halikatai hilo hata anapozomea.

Ubovu ulianzia mezani. Mwaka 2014 mrushaji Jon Lester, aliyelelewa na klabu na kushinda nayo mara mbili, alikuwa anaelekea kuwa huru. Klabu ilimwekea mezani dola milioni 70 kwa miaka 4, kiasi ambacho kila aliyejua soko alikiona ni cha kumfukuza mtu kwa adabu. Katikati ya msimu wakampeleka Oakland. Desemba akasaini Chicago Cubs kwa dola milioni 155, na mwaka 2016 akawasaidia Cubs kuvunja ukame wao wa miaka 108.

Ungedhani somo limeingia. Mookie Betts alichaguliwa na Red Sox mwaka 2011, raundi ya 5, kijana mfupi asiyetazamiwa makubwa. Mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na klabu ikawa bingwa. Mazungumzo ya mkataba mrefu hayakufika popote, na saa ilibakiza mwaka mmoja. Februari 2020, siku chache kabla ya mazoezi, Boston wakampeleka Los Angeles Dodgers pamoja na mrushaji David Price, na mishahara ikashuka chini ya kiwango cha kodi, kilichokuwa dola milioni 208. Walipokea wachezaji watatu: Alex Verdugo, Connor Wong na Jeter Downs. Huyo wa mwisho alipewa jina hilo na wazazi wake kwa heshima ya Derek Jeter, nahodha wa Yankees, kana kwamba dhihaka ilikuwa bado haijatosha. Downs aliichezea Boston mechi 14.

Miezi mitano baadaye Betts akasaini Dodgers kwa miaka 12 na dola milioni 365. Wakatwaa ubingwa mwaka huo huo, kisha 2024, kisha 2025. Red Sox, katika misimu minne iliyofuata kuondoka kwake, walishika mkia wa kundi lao mara tatu.

Utetezi wa klabu wakati ule haukuwa wa kijinga. Betts alisema wazi anataka kujaribu soko, na klabu inayomwachia nyota aondoke bure inachekwa pia. Lakini klabu hii si maskini. Inacheza Fenway Park, uwanja wa mwaka 1912 ambao tiketi zake ni miongoni mwa ghali kabisa katika ligi, na inamiliki sehemu kubwa ya televisheni inayorusha mechi zake. Anayetozwa bei ya klabu tajiri ana haki ya kuuliza kwa nini anaonyeshwa hesabu za klabu fukara.

Kisha akafuata Xander Bogaerts, kijana wa Aruba aliyefika akiwa mdogo na kushinda vikombe viwili. Mwanzoni mwa 2022 nyongeza aliyopewa ilikuwa ya mwaka mmoja tu juu ya mkataba wake. Desemba mwaka huo San Diego wakamlipa dola milioni 280 kwa miaka 11. Pengine San Diego walizidisha, na pengine hesabu itakuja kuwapa Boston haki. Ila yule mama aliyemnunulia mwanawe jezi namba 2 hakuinunua kwa hesabu hiyo. Watu kama yeye ndio waliojaa Springfield mwezi mmoja baadaye. Mkataba wa Devers waliuona kama fedha iliyotoka kwa hofu, baada ya wawili kwenda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Henry ni bahili. Bahili halipi milioni 313. Tatizo lake ni kutaka kushinda mapatano. Anaanza na bei ya chini, anasubiri, bei inapanda, anagoma, na mwishowe ama anamkosa mtu au anamlipa mwingine ghali zaidi. Ni tabia iliyomtajirisha sokoni, ambako soya haina mashabiki.

Baridi iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu ilianza na ahadi. Novemba 2023 mwenyekiti Tom Werner aliwaambia watu kwamba safari hii klabu itakanyaga mafuta mpaka chini. Mashabiki wakakaa wakisubiri. Alikuja mrushaji mmoja wa maana, Lucas Giolito, akaumia kiwiko Machi na hakucheza mwaka mzima. Kabla ya hapo, siku za mwisho za Desemba, mrushaji Chris Sale alipelekwa Atlanta, na Boston wakatoa na fedha juu ili wenzao wampokee. Mwaka 2024 Sale alishinda mechi 18 na kutwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Red Sox walimaliza wakiwa wameshinda 81 na kupoteza 81. Kauli ya Werner ikawa mzaha wa mji mzima, na waandishi wa Boston Globe, gazeti ambalo mwenyewe ni Henry, hawakuiacha ipite.

Mwaka huo Henry aliliambia Financial Times kwamba mashabiki hukata tamaa upesi kwa kuwa wanatazamia ubingwa karibu kila mwaka, ilhali uwezekano halisi ni mmoja kati ya 20 au 30. Kwa hesabu, kasema kweli. Ila hakuna aliyemzomea Springfield kwa kukosa kombe. Walimzomea kwa Betts.

Liverpool walipata dawa ambayo Boston hawana. Februari 2016, tiketi zilipopangwa kufika pauni 77, maelfu waliinuka dakika ya 77 na kutoka Anfield mchezo ukiendelea, na baada ya siku chache wamiliki wakarudi nyuma. Mechi ilikuwepo ya kuisusia. Utasusia nini Desemba, uwanja ukiwa umefunikwa na theluji? Na mkutano mkuu wa wanachama, ule ambao shabiki wa Simba au Yanga husimama akadai maelezo kwa sauti, Boston haupo.

Devers mwenyewe hakumaliza hata mwaka wa tatu tangu asaini mkataba ule. Februari 2025 klabu ilimsajili Alex Bregman, ikamwondoa Devers nafasi yake ya besi ya tatu, kisha Mei ikamtaka ahamie besi ya kwanza, naye akakataa. Juni 15, siku ambayo Red Sox walikamilisha ushindi wa mechi tatu mfululizo dhidi ya Yankees, jioni ikatangazwa kwamba amepelekwa San Francisco. Kiangazi hicho hicho Liverpool ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kwa usajili, milioni 125 kati ya hizo kwa Alexander Isak peke yake. Vitabu vya klabu hizo mbili ni tofauti, na fedha ya Anfield haitoki Fenway. Mweleze hivyo shabiki wa Boston uone kama atakusikiliza. Bregman naye alikuwa na kipengele cha kujitoa katika mkataba wake, na Novemba alikitumia.